Nairobi ina wapangaji wengi, wenyeji wachache

Mwulize mkazi yeyote wa Nairobi nyumbani kwao ni wapi. Ni nadra akujibu kwamba ni Nairobi. Atakutajia Murang'a, Siaya, Kitui, Vihiga au Kisii, hata kama alizaliwa Pumwani, akasomea Eastleigh, na sasa anawalea wanawe Umoja. Kwake yeye nyumbani ni kule walikozikwa wazee wake. Nairobi ni mahali pa kutafutia riziki tu, mfano wa kambi ya wasafiri ambao kila mmoja wao amefunga mizigo yake akingoja siku ya kuondoka.

Mwenye fikira za namna hii hupumzika kwa kuupa mji kisogo. Ikifika Pasaka au Krismasi, atapigana vikumbo katika vituo vya mabasi, atalipa nauli iliyopandishwa maradufu, na akikosa nauli hiyo atajifungia nyumbani akilalamika kwamba mwaka huu hakwenda popote. Haimpitikii kwamba ameishi miaka 20 katika mji ambao watu huvuka bahari kuja kuuona, ilhali yeye mwenyewe hajauona.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga wetu. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkaribisha mgeni ambaye inatarajiwa ataleta heri katika nyumba aliyoifikia. Leo ningependa kuipa maana nyingine kidogo. Kuna nyakati ambapo mwenyeji hana budi kujifanya mgeni katika mji wake mwenyewe ili apone, na ili mji nao upone.

Nimepata kusimuliwa na mwalimu mmoja wa historia katika shule ya upili jinsi yeye na mkewe, ambaye ni muuguzi, walivyozitumia Jumamosi na Jumapili moja wakiwa watalii hapa hapa Nairobi. Walikuwa wametimiza miaka 15 ya ndoa na walikuwa wameweka akiba ya kwenda Mombasa kusherehekea. Akiba hiyo ikamezwa na karo ya kifungua mimba wao. Jambo hilo si geni kwa mwalimu yeyote anayeisoma safu hii.

Tatizo lao, hata hivyo, halikuwa fedha pekee. Muuguzi hufanya kazi kwa zamu. Anaporudi alfajiri, mumewe anatoka kwenda shuleni; na mumewe anaporejea na rundo la madaftari ya kusahihisha, yeye anafunga viatu aondoke. Walikuwa wakikutana mlangoni kama askari wawili wanaopokezana lindo. Mazungumzo yao yalikuwa yamesinyaa hadi yakabaki mambo matatu: karo, kodi ya nyumba na stima. Siku moja mkewe akamwambia, "Mwalimu, kila mwaka wewe huwafundisha watoto wa watu historia ya mji huu. Mimi umenionyesha nini?"

Swali hilo lilimwingia. Wakaafikiana hivi: watoto wangekwenda kwa shangazi yao, wao wangelala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya bei nafuu katikati ya jiji, na hakuna ambaye angetaja deni lolote hadi Jumapili magharibi. Jumamosi ingekuwa siku ya mume kuongoza, na Jumapili ya mke.

Mwalimu alianza pale mji wenyewe ulipoanzia, yaani kwenye reli. Nairobi haikuasisiwa na mfalme wala haikukua kutokana na soko la kale kama ilivyo miji ya pwani. Mwaka wa 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika uwanda wenye kinamasi ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Wahandisi wakaweka hapo bohari na karakana zao kabla ya kuukabili mpando wa kuelekea Bonde la Ufa. Makavazi ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, yako karibu sana na kituo kikuu cha treni. Yamo magari ya moshi yaliyokuwa yakivuta mabehewa enzi hizo, na limo pia behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi, aliraruliwa na simba huko Kima mwaka wa 1900 baada ya kushikwa na usingizi huku akimvizia simba huyo huyo. Mkewe mwalimu, aliyezoea kupita karibu na hapo akikimbilia matatu, alisimama mbele ya behewa hilo kwa muda mrefu. Alikuwa amekisikia kisa hicho tangu utotoni akidhani ni hadithi ya kutishia watoto.

Kutoka hapo walitembea hadi Barabara ya Moi, penye Jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Maelfu ya watu huagana kukutana nje ya jumba hili kila siku, lakini wanaoingia ndani ni wachache mno. Chini yake kuna mkusanyo mkubwa wa sanaa, vinyago, mavazi na silaha za kijadi kutoka pembe nyingi za Afrika, uliokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Karibu na jumba hilo imesimama sanamu ya Tom Mboya, na si mbali na sanamu hiyo ndipo waziri huyo alipouawa kwa risasi Julai 5, 1969. Vijana hukaa kwenye kivuli chake wakingoja marafiki. Je, ni wangapi kati yao wangeweza kueleza aliyesimama pale ni nani na alikufaje?

Hapana budi nikiri kwamba hadi hapo ziara ilikuwa somo la historia la kawaida, na mwalimu alikuwa akisema zaidi ya kusikiliza. Mambo yalibadilika walipofika Barabara ya Kenyatta, mbele ya sanamu tatu za shaba zilizowekwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Miongoni mwao yumo mpagazi. Chini yake yamechongwa maneno ya ukumbusho, ya Kiswahili yakiwamo, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Mwalimu akaanza kueleza habari za kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho wananchi waliliona jina lake gumu kulitamka wakaliita Kariokor. Waliochukuliwa walibebeshwa vyakula na risasi za jeshi la Mwingereza hadi misitu ya Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi.

Mkewe akamkatiza. Babu yake mzaa baba, alisema, alikuwa akisimulia kwamba baba yake alichukuliwa akaenda Kariokor na hakurudi tena. Yeye alipokuwa mtoto alidhani Kariokor ni nchi fulani ya mbali. Alipokuja Nairobi kusomea uuguzi akaona jina lile lile kwenye vibao vya matatu, akalichukulia kuwa ni jina tu kama majina mengine. Kwa miaka mingi amekuwa akishuka katika kituo hicho, akinunua vyondo na viatu vya akala katika soko la Kariokor, bila kujua kwamba kila mara alikuwa akilitamka jina la kikosi kilichommeza baba wa babu yake.

Mwalimu aliniambia kwamba katika miaka 15 ya ndoa hakuwa amewahi kukisikia kisa hicho. Alijua shinikizo la damu la mama mkwe, alijua idadi ya mbuzi wa shemeji zake, lakini habari ya mtu huyo aliyepotea vitani hakuijua, kwa sababu hapakuwa na mahali wala wakati wa kuizungumza. Ilihitaji wasimame wote wawili mbele ya shaba ile, bila haraka, ndipo neno litoke.

Hapa ndipo ninapoona faida ya kwanza ya ziara kama hii. Sisi watu wazima tumejizoeza kuamini kwamba mapenzi hufufuliwa na hoteli ya kifahari na mawimbi ya bahari. Pengine. Lakini watu wawili waliochoshwa na maisha ya kila siku huhitaji zaidi jambo jipya la kuangalia pamoja, ili wapate jambo jipya la kuambiana.

Mchana walipita Maktaba ya McMillan yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri, na ambamo kwa miongo kadhaa ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Wakapumzika katika Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa mji mwaka wa 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi ambaye pia ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard huko Mombasa mwaka wa 1902. Jioni mkewe akataka waende Kariokor. Wakala nyama choma na ugali pale sokoni, mahali alipopazoea, ila safari hii, alisema, chakula kilimpita kooni kwa heshima.

Siku ya Jumapili mke alishika usukani, akachagua msitu wa Karura. Waliingia kupitia lango la Barabara ya Limuru, wakatembea hadi kwenye maporomoko ya maji na yale mapango ambayo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Familia zilikuwa zimetandika mashuka kwenye nyasi, vijana wanaendesha baiskeli, kima wanaruka matawini. Mtu anayeuona msitu huu leo hawezi kuamini kwamba miaka ya 1990 watu waliogopa hata kupita kando yake kwa hofu ya majambazi, wala kwamba sehemu zake zilikwisha kukatwa vipande na kugawiwa watu binafsi wajenge majumba.

Msitu huo, wenye zaidi ya hekta 1,000 na uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1932, upo leo kwa sababu kuna watu waliokataa uangamizwe. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miche pale. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana kuutetea. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka wa 1989, mama huyo huyo aliupinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani na wakubwa, lakini jumba halikujengwa. Mwaka wa 1991 Bustani ya Jeevanjee nayo ilinusurika na mpango wa kuijenga majengo ya biashara baada ya mjukuu wa Jeevanjee, mwandishi Zarina Patel, kuongoza kampeni ya kuitetea.

Tazama basi mahali walipopumzika wawili hao: bustani Jumamosi, msitu Jumapili. Kote kuwili pangekuwa saruji na vyuma leo, kama isingekuwa kwa wachache walioutazama mji huu wakasema, huku ni kwetu. Mpangaji hafanyi hivyo. Mpangaji akiona paa linavuja humwachia mwenye nyumba, na ukuta ukianguka huhamia kwingine. Ardhi ya umma ilinyakuliwa kwa urahisi katika mji huu kwa kuwa wengi wetu tulijiona ni wapangaji. Aliyenyang'anywa uwanja wa kuchezea watoto pale mtaani hakuona ameibiwa kitu, maadamu shamba lake lilikuwa kwingine.

Pale kwenye maporomoko wawili hao walijadiliana jambo ambalo walikuwa wameliahirisha kwa miaka. Mwalimu ana kipande cha ardhi kijijini kwao na amekuwa akiweka fedha kidogo kidogo ili ajenge nyumba. Mkewe alimwuliza nyumba hiyo ni ya nani. Watoto wao watatu wamezaliwa Nairobi, lugha ya babu yao wanaielewa kwa shida, na kijijini hukaa siku saba kwa mwaka. "Unawajengea nyumba mahali wasikopajua," alimwambia, "na mahali wanapopajua unawaambia si kwao." Mwalimu alijibu kwamba mtu asiye na kwao ni mtumwa, na kwamba atazikwa alikozikwa baba yake. Hawakuafikiana. Hadi aliponisimulia habari hii walikuwa bado hawajaafikiana. Lakini tangu siku hiyo, alisema, mjadala huo umekuwa mezani, na watoto wenyewe wamekaribishwa kuuingia.

Sioni haja ya kuwaamulia. Mila ya mtu kutambua asili yake ni mila njema, na hakuna anayetakiwa kuchagua kati ya kaburi la babake na mtaa wa wanawe. Ninalosema ni kwamba mtu anaweza kuwa na nyumbani kuwili, na kwamba kule anakoishi siku zaidi ya 300 za mwaka kunastahili angalau siku mbili za kukufahamu.

Nasikia wasomaji wengine wakiguna. Watasema Nairobi ina wezi, takataka na mito iliyooza, na kwamba kutembea bila shughuli ni anasa ya matajiri. Ni kweli mji huu una uchafu wake, na wawili hawa waliuona. Njiani kuelekea Kariokor walivuka Mto Nairobi, ule ule wa maji baridi, wakaziba pua. Ziara ya kweli haimfichi mtu uozo. Inampa sababu ya kuuonea uchungu, kwa kuwa sasa anajua kilichokuwapo kabla yake. Kuhusu gharama, walitembea kwa miguu na kwa matatu, na viingilio vya mwananchi katika makavazi na mbuga zetu ni vya chini kuliko vya mgeni kutoka ng'ambo. Aidha, mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Walimu wenzangu wa fikira, jambo hili linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Shule nyingi za Nairobi zikiandaa ziara hukimbilia Mombasa, Kisumu au Naivasha, na wazazi hutozwa fedha nyingi ilhali mtoto wa Makadara hajawahi kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyo umbali wa kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji tangu ilipoanzishwa mwaka wa 1946. Vifaru wanaonekana hapo huku majumba marefu yakiwa nyuma yao. Ni miji mingapi ulimwenguni iwezayo kujivunia hayo? Mtoto wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ana maktaba ya umma karibu na mlango wake, tawi la McMillan, nayo imekarabatiwa katika miaka ya hivi karibuni. Je, mwalimu wake amempeleka?

Kuna zoezi dogo ambalo mwalimu wa Kiswahili anaweza kulitoa Ijumaa bila kuomba senti kwa mwalimu mkuu. Kila mwanafunzi achague jina moja la mtaa, barabara au kituo anachopita kila siku, aulize wazee, asome, kisha aandike insha ya kurasa mbili. Anayetoka Kibera atagundua kwamba jina hilo linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na kwamba wanajeshi wa Kinubi walipewa makao hapo na wakoloni. Anayepita Barabara ya Kimathi atajua ni kwa nini sanamu ya Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 18, 1957, ilizinduliwa tarehe hiyo hiyo miaka 50 baadaye, mwaka wa 2007. Na huenda mmoja wao, kama yule muuguzi, akagundua kwamba jina aliloliandikia ni la ukoo wake.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Mkipewa likizo ya katikati ya muhula, waombeni wazazi wenu siku moja tu. Waulizeni walikutana wapi, walipanga chumba chao cha kwanza mtaa gani, shule yao ya kwanza ya Jumapili ilikuwa wapi, kisha mwende mkapaone. Wazazi walio hai wana mengi ambayo hawajawahi kuulizwa.

Mji huu utaendelea kutamaniwa na wenye tamaa. Kila kipande cha nyasi kilichobaki kina mtu anayekipigia hesabu ya ghorofa. Wangari Maathai alifariki mwaka wa 2011, na hatuwezi kuendelea kuegemea ujasiri wa marehemu. Watakaosimama kesho mbele ya matingatinga ni wale watakaokuwa wamewahi kukaa chini ya miti hiyo na watu wawapendao. Kabla hatujawadai watoto wetu waulinde mji wao, tuhakikishe kwanza kwamba tumewaonyesha.